Tamthilia Mpya Huhitaji Masikio Kabla ya Jukwaa

Mtu anayeandika tamthilia ya Kiswahili jijini Nairobi hakosi mahali pa kuipeleka ikishakamilika. Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, uliofunguliwa mwaka 1952 mkabala na hoteli ya Norfolk, bado upo. Vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani vina kumbi zao katikati ya jiji. Na wachapishaji hupokea miswada wakitumaini kwamba siku moja mmojawapo utateuliwa kuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za upili. Anachokosa mwandishi huyo ni mahali pa kuipeleka tamthilia ikiwa bado mbichi, wakati ambapo haijulikani tendo la pili litaishaje na wahusika wawili wanafanya kazi ya mmoja. Kwa hiyo nilipoalikwa kwenye mkutano mdogo wa waandishi wa tamthilia mjini Limuru, ambako miswada mibichi ingesomwa kwa sauti mbele ya wasikilizaji, nilikubali kabla hata sijauliza tutalala wapi.

Limuru haiko mbali, ni mwendo wa kilomita 30 hivi, lakini umbali huo unatosha kuwatenganisha waigizaji na simu za watayarishaji wa vipindi vya televisheni. Jijini, mwigizaji hodari hufika kwenye usomaji akiwa amechelewa, naye huondoka kabla ya majadiliano kwa sababu anasubiriwa Westlands. Katika mji mdogo wenye baridi kama ile hana pa kukimbilia. Hukaa, hunywa chai, na jioni huja kukwambia kile alichokuwa akikificha mchana, kwamba ile hotuba ya ukurasa mzima uliyompa haisemeki kwa pumzi za binadamu.

Utaratibu wa usomaji wenyewe ni mwepesi kueleza. Waigizaji huketi nusu duara wakiwa na miswada mikononi, bila mavazi ya maigizo, bila taa na bila mandhari, nao husoma tamthilia yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwandishi huketi nyuma, hakatizi, haelezi wala hajitetei. Ukurasa mmoja wa majibizano huchukua takribani dakika moja, na dakika hizo zina namna ya kurefuka pale ambapo maandishi yamelegea. Hakuna mhariri anayeweza kuonyesha ulegevu huo waziwazi kama unavyoonyeshwa na wasikilizaji wanaoanza kutafuta simu zao mifukoni, wote kwa pamoja, katika ukurasa uleule.

Mimi nilipewa kazi ambayo hakuna anayeigombea, nayo ni kusoma maelekezo ya jukwaa. Naipendekeza kwa kila mwandishi. Ukisoma kwa sauti maneno kama "anaukumbuka utoto wake na kutabasamu kwa uchungu", halafu mwigizaji akakutazama akisubiri umwambie afanye nini hasa kwa uso wake, unaelewa upesi tofauti kati ya jambo linaloweza kutendwa jukwaani na jambo ambalo lingefaa riwaya. Maelekezo mazuri niliyosoma siku hizo yalikuwa mafupi mno: anafunga mlango, anahesabu pesa, hajibu. Yaliyokuwa marefu yaliikata tamthilia vipande, na sauti yangu ikawa mhusika ambaye hakuna aliyemwalika.

Tamthilia iliyonikaa akilini iliandikwa na kijana mmoja kutoka Machakos. Inahusu mwanamke anayeishi na mwanawe katika chumba kimoja huko Kayole, mtaa wa Nairobi, ambaye kodi imemlemea kwa miezi mitatu. Katika onyesho kuu la tendo la kwanza, keateka wa ploti, yaani msimamizi wa nyumba za kupanga, anakuja jioni na kufuli, anabisha, na wawili hao wanagombana mlangoni kwa kurasa kadhaa kabla hajamtoa nje na kuufunga mlango. Waigizaji waliusoma ugomvi huo vizuri. Ulikuwa na matusi ya kuchekesha, ulikuwa na kilio, na sisi waandishi tulitikisa vichwa kwa kuridhika kama watu wanaotambua kazi ya mwenzao.

Baada ya usomaji, msimamizi wa mkutano alituongoza kwa utaratibu ulioanzishwa mwaka 1990 na Liz Lerman, mtunzi wa ngoma wa Marekani, ambao umeenea sana miongoni mwa watu wanaojadili kazi ambazo hazijakamilika. Una hatua nne. Kwanza wasikilizaji hutaja kilichowagusa. Kisha mwandishi huuliza maswali yake. Kisha wasikilizaji humuuliza maswali yasiyobeba hukumu. Na mwishoni maoni hutolewa, tena kwa idhini ya mwandishi. Hatua ya tatu ndiyo hutushinda. "Kwa nini tendo la kwanza ni refu hivyo?" ni hukumu iliyotiwa alama ya kuuliza, na kila mtu ukumbini anajua hivyo.

Sisi tuliosomea Kenya tuna tatizo jingine, nalo linatokana na mtihani. Tumezoezwa tangu kidato cha kwanza kuisaka dhamira ya mwandishi, maudhui, mbinu za lugha na sifa za wahusika, kwa hiyo msikilizaji aliyekwenda shule akipewa tamthilia mbichi huijadili kana kwamba anajibu swali la alama 20. Mwandishi hurudi nyumbani akiwa amesifiwa kwa kushughulikia ufisadi, ukengeushi na nafasi ya mwanamke katika jamii, lakini hajaambiwa kwamba mhusika wake mkuu aliingia jukwaani kutoka chooni na hakuna aliyemwona akienda huko.

Bahati nzuri waandaaji walikuwa wamewaalika pia majirani wa ukumbi. Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja wa makamo ambaye, kama tulivyokuja kujua, ana nyumba chache za kupangisha. Tulikuwa bado katika hatua ya kwanza, ile ya kutaja kilichotugusa, lakini yeye hakujali hatua.

"Kijana wangu," alimwambia mwandishi, "mlango haufungwi mtu akiwa ndani. Mtu akiwa ndani atapiga nduru na watu watajaa. Hufungwa mchana akiwa kazini, akirudi akute kufuli."

"Na keateka anakuwa wapi, mama?"

"Atakuwepo kwa nini? Amezima simu."

Msimamizi alimwacha aendelee, na nadhani alifanya vyema. Ule ugomvi tulioushangilia ulikuwa umeporomoka, na kilichobaki mahali pake kilikuwa kizito zaidi. Usiku ule kijana wa Machakos aliandika upya, na asubuhi tukachapisha kurasa mpya kwenye saiba, duka la kompyuta na uchapishaji, iliyo karibu na steji ya matatu. Sasa mwanamke anafika na mtoto mgongoni na pakiti ya unga mkononi, anakuta kufuli, na hakuna wa kugombana naye. Majirani wanapita mmoja mmoja kwenye ujia. Mmoja anajifanya hajaona, mwingine anamtolea mtoto kiti, wa tatu anauliza kwa upole anadaiwa kiasi gani, na ndipo tunapotambua kwamba huyo naye anadaiwa. Keateka, aliyekuwa na maneno mengi kuliko wahusika wote, ameondolewa kabisa katika onyesho hilo na bado anatisha kuliko awali.

Haiwezekani kukaa Limuru ukizungumzia jambo hili bila kuitaja Kamĩrĩĩthũ, kijiji kilicho papo hapo. Mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikipenda) kwa Kigĩkũyũ, kisha wakaifungua mikononi mwa wanakijiji, ambao wengi wao walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Wazee walirekebisha lugha ya wahusika wazee, vibarua wakarekebisha habari za mishahara na mateso ya kazini, na waliojua nyimbo na taratibu za sherehe wakasahihisha nyimbo. Mazoezi yalifanyika mahali pa wazi, hivi kwamba yeyote aliyepita aliweza kusimama, kusikiliza na kusema neno. Watu wanaikumbuka tamthilia hiyo zaidi kwa yaliyofuata, na ni haki, kwa sababu serikali iliondoa kibali cha kuionyesha mwezi Novemba mwaka huohuo na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwaka ulipokuwa ukiisha. Mwaka 1982, kikundi hichohicho kilipozuiwa kuingia Ukumbi wa Kitaifa na tamthilia nyingine, Maitũ Njugĩra, mazoezi katika Chuo Kikuu cha Nairobi yalivutia umati mkubwa hadi mazoezi yenyewe yakawa ndiyo onyesho, na mwezi Machi jukwaa la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Lakini mwandishi anayejifunza ufundi anapaswa kuitazama pia ile miezi ya kabla ya ufunguzi, kwa sababu sijui mfano mwingine nchini ambapo mswada wa waandishi wenye elimu ya chuo kikuu uliwekwa chini ya masikio ya watu waliouishi, tena kwa muda mrefu hivyo.

Wamarekani nao wana mahali pao pa aina hii, ingawa ni kwa ajili ya watu wa maigizo zaidi kuliko wanakijiji. Kituo cha maigizo cha Eugene O'Neill kilianzishwa na George C. White mwaka 1964 katika mji mdogo wa Waterford, jimbo la Connecticut, mbali kiasi na New York ili tamthilia isihukumiwe na wahakiki wa magazeti kabla haijapata miguu. Lloyd Richards, aliyeuongoza mkutano wa waandishi wa hapo kuanzia 1968 hadi 1999, alisisitiza kwamba waigizaji wabaki na miswada mikononi ili kila mtu akumbuke kwamba maneno bado yanaweza kubadilishwa. Mwandishi wa tamthilia August Wilson alikuwa amekataliwa hapo mara kadhaa kabla tamthilia yake Ma Rainey's Black Bottom haijakubaliwa mwaka 1982; miaka miwili baadaye ilikuwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, na Richards ndiye aliyeielekeza.

Hapa kwetu, kitu kinachokaribia utaratibu huo kwa ukubwa ni tamasha la maigizo la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959. Tamthilia ya shule hupanda kutoka ngazi ya chini hadi ya kitaifa, na kila baada ya ngazi mwalimu huketi na wanafunzi wake, wakakata hapa na kuongeza pale kwa kufuata walichosikia kwa waamuzi na kwa hadhira. Ni kweli kwamba kuna alama na vikombe, na mtu anayeandikia kombe hujifunza haraka kumpendeza mwamuzi. Hata hivyo nadhani tamthilia inayofika fainali imepita midomoni mwa watu mara nyingi kuliko nyingi ya zile zilizochapishwa.

Hapo ndipo pananikera. Njia ya kawaida ya tamthilia ya Kiswahili nchini ni mezani kwa mwandishi, kisha kwa mchapishaji, kisha kwa wakaguzi wa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, na njia yote hiyo husomwa kimya. Ikiteuliwa, vikundi vya maigizo vya Nairobi huichukua na kuzunguka nayo shuleni, navyo hulazimika kuifuata neno kwa neno, kwa kuwa wanafunzi watatahiniwa kwa kilichomo kitabuni. Maana yake ni kwamba siku ya kwanza tamthilia hiyo inaposikika mbele ya watu, hakuna anayeruhusiwa kubadilisha chochote. Nimewahi kuona mwigizaji akihangaika na sentensi ambayo mwandishi mwenyewe angeifuta mara tu angeisikia, lakini kitabu kilikuwa kimeshanunuliwa na maelfu ya wazazi. Gharama ya kuwalipa waigizaji wanane kwa siku mbili za usomaji ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya kuchapisha, na sioni kwa nini mchapishaji asiihesabu pamoja na karatasi na wino.

Kijana wa Machakos bado hajaupeleka mswada wake kokote. Anataka kwanza usomwe Nairobi, ikiwezekana Kayole kwenyewe, kwa sababu waigizaji tuliokuwa nao Limuru waliwapa majirani wote wa ploti Kiswahili kimoja kilichonyooka, na yeye anashuku kwamba yule jirani wa tatu, anayedaiwa, hawezi kuzungumza sawa na yule anayejifanya hajaona. Nimekubali kumtafutia ukumbi, waigizaji na wapangaji wa kusikiliza, na safari hii nimeomba maelekezo ya jukwaa yasomwe na mtu mwingine.