Singulariti ipi unayoiongelea?

Hili neno singulariti siku hizi liko kila mahali. Vijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wanalirusha kwenye magrupu ya WhatsApp, "singulariti inakuja 2045", kwenye video za anga za juu unaambiwa katikati ya shimo jeusi (black hole) kuna singulariti, alafu dogo wa form four anakuja na daftari la hesabu anauliza mbona tiki imewekwa kwenye jibu linalosema matriksi hii (jedwali la namba) ni singula. Neno ni hilohilo. Na kwa kuwa wengi wanalikuta kwanza kwenye zile video za kutisha, wanalibeba na hofu yake kila wanapoenda, ndo maana nimeona nikae niandike.

Asili yake ni Kilatini, na maana ya mwanzo ni kitu kilicho peke yake. Waingereza wakalitumia kwenye sarufi kwa umoja, katika ule umoja na wingi tuliofundishwa darasani, hapo hakuna cha kushangaza. Ila wakalitumia pia kwa kitu cha ajabu, kioja, mtu asiyefanana na wenzake. Hizi maana mbili zilishikana zamani sana, Warumi walimwita nguruwe pori dume kwa neno hilo kwa sababu anatembea peke yake, na mpaka leo jina la Kifaransa la huyo mnyama, sanglier, limetoka hapohapo. Aliye peke yake anaonekana wa ajabu. Hilo likae kichwani maana nitalirudia.

Sasa tuje kwenye hesabu, hapa ndo naomba tutulie kidogo. Chukua mama kaenda soko la Majengo kanunua vitunguu kilo 2 na nyanya kilo 3, kalipa 12,000. Jirani yake kanunua vitunguu kilo 4 na nyanya kilo 6, kalipa 24,000. Niambie kilo ya vitunguu ni shilingi ngapi? Huwezi. Inaweza kuwa vitunguu 3,000 na nyanya 2,000, inaweza kuwa vitunguu 1,500 na nyanya 3,000, zote zinakubali, kwa sababu jirani hajakupa taarifa mpya, kanunua yaleyale mara mbili. Ukipanga zile namba kwenye matriksi ukatafuta determinanti unapata 2 mara 6 toa 3 mara 4, sifuri, na hiyo ndo matriksi singula. Angalia vizuri lakini: pale sokoni bei ipo, muuza vitunguu anaijua, hakuna muujiza wowote. Kilichogoma ni njia yetu ya kuitafuta. Kwa hiyo kila nikilisikia hili neno swali langu la kwanza ni hilo, ajabu iko kwenye kitu chenyewe au iko kwenye kipimo chetu?

Ramani nayo ina yake. Dodoma tuko karibu nyuzi 36 mashariki, sawa, ila nenda ncha ya kaskazini ya dunia uulize uko nyuzi ngapi mashariki, hakuna jibu, mistari yote ya longitudo imekutana pale. Ardhi yenyewe haina shida (ni barafu tu juu ya bahari), mistari ndo imeshindwa.

Na wanafizikia wakubwa kabisa walikwama hapo miaka mingi. Mwaka 1916 Mjerumani Karl Schwarzschild alichapisha jibu la milinganyo ya Einstein ya nguvu ya mvutano kwa nyota ya duara, na ndani ya jibu lake kulikuwa na sehemu mbili ambapo namba zinalipuka kwenda kusikokuwa na mwisho, moja katikati kabisa na nyingine kwenye umbali fulani kutoka katikati. Watu wakadhani zote mbili ni vikwazo vya kweli. Mpaka 1933 padri wa Kibelgiji Georges Lemaître akaonyesha kwamba ile ya nje ni kosa la ramani tu kama la ncha ya kaskazini, badilisha vipimo inapotea. Ile ya katikati haikupotea. Mwaka 1965 Mwingereza Roger Penrose akathibitisha kwa hesabu kwamba nyota ikishaporomoka kupita kiasi fulani, yaani ikawa shimo jeusi, kama nadharia ya Einstein iko sahihi basi singulariti haikwepeki, na kazi hiyo ndo iliyompa Nobel mwaka 2020. Wanafizikia wengi wanaichukulia hivi: pale ndo nadharia yenyewe inapoishia, tunahitaji nyingine. Mi hilo nalipenda mno, yaani hesabu kukuonyesha kwa uaminifu mahali inaposhindwa.

Sasa hii ya akili mnemba (AI). Mwanahisabati Stanislaw Ulam aliandika mwaka 1958 kwamba mwanahisabati mwenzake John von Neumann alikuwa akiongea naye kuhusu teknolojia kukimbia mpaka kufikia kitu kama singulariti, kwamba baada ya hapo mambo ya binadamu kama tunavyoyajua hayataendelea. Mwandishi wa hadithi za kisayansi Vernor Vinge akalikuza wazo 1993, mvumbuzi Ray Kurzweil akaja 2005 na tarehe, 2045, ndo hiyo inayozunguka kwenye magrupu. Wazo ni la kufikirisha na silidharau. Ila mara nyingi linatetewa kwa grafu ya kitu kinachojizidisha mara mbili kila baada ya muda fulani, na grafu ya namna hiyo haina singulariti hata moja! 2, 4, 8, 16, inapanda kwa kasi ya kutisha lakini kila mwaka ukiuliza unapewa namba kamili, haifiki mahali ikavunjika. Kuvunjika unahitaji kitu kama 1 gawanya kwa x pale x inapofika sifuri, na anayesema teknolojia inafuata mkunjo wa aina hiyo atuonyeshe. Kwa hiyo mdogo wangu unayesoma IT pale chuoni na umeanza kuona hakuna maana ya kumaliza digrii, hiyo 2045 ni makadirio ya mtu. Wasiwasi wa ajira ni wa kweli, tuuongelee kama wasiwasi wa ajira, tusiuvike nguo za shimo jeusi.

Na la mwisho ni la huku kwetu, nalo linanigusa zaidi. Huu ukanda wa kati una Wagogo na Warangi wenye lugha za Kibantu, Waburunge na Waalagwa wenye Kikushi, Wadatoga wenye Kiniloti, na kule Chemba, Kwa Mtoro na Farkwa, wapo Wasandawe, ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi, na wataalamu wanasema haijapata ndugu wa kuthibitishwa. Wapo wanaoihusisha na lugha za Wakhoe wa kusini mwa Afrika, wengine hawajakubali. Yaani lugha iko peke yake, na kwa sababu iko peke yake watu wanaifanya kioja, nimesikia stendi watu wakimwambia Msandawe "hebu gonga ulimi kidogo tusikie", wanacheka, na yule ni mtu mzima ana safari zake. Hapo tena nauliza swali langu, ajabu iko wapi? Sauti za kugonga ulimi zimo kwenye Kizulu na Kixhosa, lugha za mamilioni ya watu, wanaziandika kwa c, q na x, zinasomwa kwenye taarifa ya habari. Mtu akitoka Durban akashuka stendi ya Kondoa akawasikia Wasandawe wawili wanaongea, maneno hatayaelewa, ila hizo sauti hazitamfanya hata ageuze shingo.