Mjomba, silipwi kwa dola

Kila nikienda harusini au msibani lazima mtu anishike mkono anivute pembeni, "si upo kampuni ya Wamarekani wewe, mnalipwa dola eeh?" Hapana mjomba, nalipwa shilingi kama wewe, NSSF wanakata ya pensheni, kodi ya PAYE inakatwa, bodi ya mikopo ya wanafunzi nao wanabeba asilimia 15 yao hata sijaiona, kinachobaki ndo hicho unachoniomba sasa hivi.

Ila nisiwe mnafiki, mshahara unaingia kwa wakati. Jamaa yangu wa uhasibu anasema yeye hapo haondoki hata kwa fimbo maana kule alikotoka, kampuni ya mzawa mwenzetu, walimkalia mshahara miezi mitatu na bosi anapita na gari jipya.

Kinachotutoa roho ni saa. Makao makuu yako New York, kikao chao cha saa nne asubuhi huku Dar ni saa kumi na mbili jioni, yaani wao ndo wanamaliza kahawa mimi nawaza basi la mwendokasi litakuwa limejaa kiasi gani. Machi wanasogeza saa zao mbele kikao kinakuwa saa kumi na moja, tunashangilia, Novemba wanazirudisha, tunanuna tena. Sisi huku jua halijawahi kutulazimisha kugusa saa ya ukutani.

Afu kuna ile fomu ya sikukuu. Desemba wanataka tarehe zote za mwaka unaofuata, sawa, Sabasaba naijua, Nanenane naijua, kwenye Idi nikaandika itategemea mwezi kuandama. Mfumo ukakataa, unataka tarehe. Nikaweka ya kukisia, na kukisia kwenyewe nikakosea siku moja. Usiku ule tumekaa kwenye redio tunamsubiri Mufti, akatangaza kesho Idi, nikamwandikia bosi haraka haraka, kwao bado mchana, akanijibu kwa upole kabisa kwamba mabadiliko ya likizo yanahitaji taarifa ya wiki mbili. Wiki mbili! Kwa mwezi ulioonekana magharibi ile ile!

Dada wa HR wa hapa hata hakubishana naye, akatupia kwenye grupu la WhatsApp: kesho hakuna kazi, nileteeni pilau.

Tukampelekea. Ila kwenye mfumo mpaka leo nasomeka nilitoroka kazini siku moja bila ruhusa.