Kurasa tupu

Leo nimesahihisha jaribio la Hisabati, darasa la sita.
Kijana mmoja kapata 11 kwa 50. Na wala si mzito wa kuelewa.

Nikafungua daftari la mahudhurio. Kila Ijumaa hayupo.
Ijumaa ni gulio huku kwetu ziwani, anamsaidia mama yake kuuza dagaa.
Na hesabu za sehemu nilizifundisha Ijumaa tatu mfululizo!

Nikamwita na daftari lake.
Kurasa tupu. Juu ya kila moja kaandika tarehe, kaipigia mstari kwa rula.
"Naachaga nafasi mwalimu, nitanakili."

Nimekosa la kusema.
Ada ilifutwa, ila unga wa jioni kwao unatoka kwenye dagaa wale.

Walimu wenzangu, wazazi, siku za gulio mnafanyaje?