Nilivyojipima kabla ya kununua Pijo ya zamani

Mke wangu hakunipinga. Aliuliza tu, "Na hiyo gari italala wapi?" Sikuwa na jibu. Tunakaa ghorofani, na nafasi yetu ya kuegesha ni moja.

Nilikuwa natafuta Peugeot 504 steshen wagoni, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Waliokulia Nakuru miaka ya themanini wataelewa. Kabla matatu za Nissan hazijashika barabara, kwenda Nairobi ilikuwa ni kupanda Pijo, na mtoto wa kupakatwa hakuhesabiwa. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Mashimoni gari lilinesa tu, kwa sababu nyuma lina springi nne, mbili kila upande. Wauzaji hupenda kukumbusha kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Hawasemi kwamba ile ya 1978 ilikuwa coupé, ile ya milango miwili, yenye injini ya V6, gari jingine kabisa ukiinua boneti.

Kuagiza ng'ambo haiwezekani, maana Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Unatafuta yaliyobaki humu nchini, mengine yakiwa yale yale yaliyounganishwa Mombasa.

La kwanza nililiona Nairobi, jeupe, linang'aa. Nilikuwa tayari kutoa pesa siku hiyo hiyo. Bahati nzuri nilikwenda na fundi wangu, mzee aliyezeekea kwenye Pijo. Hakugusa injini. Alitoa sumaku mfukoni akaipitisha chini ya milango, na kila alipoiachia ikaanguka. "Hii ni pati tupu, kijana wangu." Yaani kilichokuwa chini ya rangi si bati, ni ule udongo wa kuzibia mashimo. Akainua zulia, akabonyeza sakafu kwa kidole, kidole kikapita. Nikamwambia mbona injini inanguruma vizuri. Akanijibu, "Injini nitakufanyia. Bati lililooza utalichomelea mpaka ustaafu."

La pili lilikuwa Gilgil, chini ya banda la mabati, rangi imechujuka, panya wamekula viti. Namba zake za usajili ni za zamani, zisizo na herufi mwishoni. Sumaku ilishika kila mahali. Tulimimina petroli kidogo kwenye kabureta, likakohoa, likatoa moshi wa buluu, kisha likatulia. Mzee akatabasamu, jambo ambalo halifanyi ovyo.

Lakini logbook, hati ya umiliki wa gari, ilikuwa kwa jina la marehemu mwenye gari, na familia haikuwa imeshughulikia mirathi. Mwanawe alinisihi nilichukue, tuandikishane kwa wakili, mengine baadaye. Nilikataa, na mate yananidondoka. Gari la marehemu halihamishwi kwa makubaliano ya mezani. Akijitokeza ndugu mmoja mwenye kinyongo, wewe ndiye utakayeonekana mwizi. Nikawaambia wakipata hati ya mahakama wanipigie, na sikuacha hata shilingi ya kushikilia.

Wakati nangoja, nilifanya jaribio. Kila mwisho wa mwezi niliweka sacco elfu kumi na tano, kana kwamba gari ninalo tayari na lazima nililishe: maegesho, bima, spea, fundi. Miezi saba niliweka mara tano. Mara mbili karo ilinishinda. Hapo nikajua kwamba naweza kulimiliki, ila siwezi kulitengeneza lote kwa mkupuo kama nilivyokuwa naota. Breki na mipira ya mafuta kwanza. Rangi ingengoja.

Bima nayo ilinishusha kidogo. Kampuni niliyoizoea ilikataa kunipa bima kubwa kwa gari la umri huo, ikanipa ya mtu wa tatu pekee. Maana yake likiibwa au likiungua, hasara ni yangu. Ndipo swali la mke wangu likarudi kwa nguvu. Kaka yangu ana kiwanja Lanet chenye ukuta na lango. Tulikubaliana nimjengee banda badala ya kodi, na banda nililijenga kabla sijalipia gari.

Gilgil walipiga simu mwezi wa nane, hati mkononi. Sasa ni mwaka na nusu tangu nilinunue. Gari hutoka Jumapili, na si zote. Mlango wa nyuma wa kushoto haufunguki kwa ndani, na rangi ni ile ile. Mke wangu hukaa mbele, dirisha wazi. Mvua ikianza usiku, yeye ndiye anayeniamsha kuuliza kama nililifunika.