Ghafla kwa nani?

Baba ameoa. Wengi wenu mmeshasikia, maana Dada hawezi kukaa na neno, kwa hiyo sirudii habari ya nani kaambiwa lini. Wiki hiyohiyo nimehamishiwa ghalani, mtoto kapata nafasi ya chuo na gari limegongwa likiwa limeegeshwa, hayo yatasubiri. Kinachoninyima usingizi ni swali moja la kwenye simu.

Nilimwamkia, akaitikia vizuri tu. Nikasema, "Hongera, Baba. Ila mbona ghafla hivi?"

Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe, halafu: "Ghafla kwa nani, mwanangu?"

Hakusema kwa ukali. Angefoka ningejua la kufanya. Sisi tumekulia kwenye kufokewa, hakutuumizi. Aliuliza taratibu, kama anayetaka kujua saa. Nami nikaishia kusema, "Haya, Baba," nikaaga. Tangu siku hiyo namjibu bafuni, namjibu kwenye foleni, namjibu nikimsikiliza bosi. Jibu la jana nililiona kali: "Ghafla kwa watoto wako wanaokupigia simu kila wiki kwa zamu!" Nikajisikia nikilitamka lile neno zamu, nikaliacha.

Zamu mnazijua. Kaka Jumatano, Dada Ijumaa, mimi Jumapili, Kitindamimba akikumbuka. Umekunywa dawa za presha? Goti linaendeleaje? Kisha tunaarifiana kwenye kundi: mzee yuko salama. Nimezipekua Jumapili zangu kichwani kutafuta dalili. Kuna siku alisema, "Nina mgeni, nitakupigia baadaye," nami nikafurahi kwa kuwa nilikuwa na nguo za kupiga pasi. Siku nyingine alicheka katikati ya maneno yasiyochekesha, nikadhani televisheni. Sasa hizo ndizo taarifa? Mtu mzima hashindwi kusema, "Kuna mama mmoja nataka mumfahamu." Wanaoniambia mzee haombi ruhusa wananijibu nisichouliza. Ruhusa sina wala sikuitaka. Nilitaka kujua kabla ya fundi bomba, ambaye, imebainika, alikuwa anajua.

Jana usiku kundi likawaka. Kaka kaanza na hati ya nyumba: mke ana haki zake kwenye mirathi, wosia wa zamani lazima uangaliwe upya, na fomu ya mafao ya Baba mpaka leo imeandikwa jina la Mama, ambaye ni marehemu. Kweli tupu, na lazima awepo wa kuyasema, ila si usiku wa manane kwa herufi kubwa. Dada akajibu kwa sauti ndefu iliyoanza na kilio na kuishia kwenye cherehani ya Mama: nani ataitumia, nani ataigusa. Kaka akasema cherehani si mali ya kujadili. Dada akauliza mali ni nini basi.

Hapo Kitindamimba akachomoza: "Jamani, huyo mama anaitwa nani?"

Kimya. Tukaona tu kwamba kila mmoja anaandika, anafuta, anaandika. Kaka aliyezipanga haki zote za yule mama hakuwa na jina lake. Dada, ambaye habari za watu hazimpiti, hakuwa nalo. Nilicheka mpaka mume wangu akawasha taa kuangalia kama nalia. Dada naye akatuma sauti, safari hii ni kicheko chake kile cha kukauka pumzi, na Kaka akaandika, "Kalaleni."

Nimepewa mimi kazi ya kuuliza, kwa kuwa zamu inayofuata ni yangu. Dada anashauri niseme Kaka ndiye aliyesahau.

La ghala, lakini, halisubiri: aliyenikabidhi ameacha kupokea simu. Vitabu vyake vinaonyesha mapipa ambayo mimi kwa macho yangu siyaoni, na wakaguzi wanakuja Jumanne.