"Fundi, intaneti inazunguka tu": siku moja kwenye kazi yangu

Saa moja na nusu asubuhi simu imeshajaa meseji na karibu zote zinasema kitu kimoja, fundi njoo, intaneti inazunguka tu. Wengi wameshagombana na kampuni ya mtandao, wamezima na kuwasha ruta mpaka wamechoka, wengine wameongeza kifurushi kabisa. Kazi yangu mimi ni kutafuta programu gani ndani ya kompyuta ya nyumbani inakula laini huku mwenyewe hana habari. Sipandi juu ya paa wala sivuti nyaya, nabeba laptop, kebo moja ya mtandao na daftari, na ndo maana watu wengi hawaamini kwamba hii ni kazi.

Saa mbili na nusu namhudumia dada mmoja kwa mbali. Laptop yake ilikaa kabatini muda mrefu, ameiwasha jana, sasa Windows inataka apdeti, antivairasi inataka apdeti, brauza nayo inataka, zote kwa pamoja. Hapo hakuna ugonjwa. Nikamwambia dada iache kwenye umeme na waifai, fanya shughuli zako nyingine, na mchana akaniandikia iko vizuri.

Saa nne kaka mmoja anasema anaibiwa spidi, analipia 20 anapata 2.5. Nikakuta 20 ni megabiti na ile 2.5 aliyoiona wakati anashusha faili ni megabaiti, baiti moja ina biti 8, zidisha, ni kitu kile kile. Na hata ndani ya Windows inachanganya kwa sababu Task Manager, dirisha linaloorodhesha programu zinazofanya kazi, inaonyesha mtandao kwa megabiti halafu Resource Monitor, dirisha jingine la aina hiyo, inaonyesha kwa baiti, kwahiyo ukiruka kutoka dirisha moja kwenda jingine unaweza kudhani namba zinagombana.

Saa tano nafika kwa mzee mmoja mwalimu mstaafu, anarekodi masomo ya video nyumbani na jioni anafundisha mubashara, wanafunzi wanalalamika anaganda ganda. Nikamwamkia, akaitika, na kabla sijakaa, "Kijana, hii ina virusi, wewe ifomati tu uende." Nikamwambia mzee wangu nipe nafasi nipime kwanza. Nilidhani ni saa moja ya kazi.

Nikachomeka kebo yangu kwenye ruta, nikazima waifai ya kompyuta yake, nikaomba simu za nyumbani ziachwe kidogo, nikapima. Kushusha Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde, kupandisha Mbps 4, pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, milisekunde 25. Safi kabisa, ndo kile anacholipia. Halafu nikawasha waifai ya kompyuta yake bila kufungua chochote, nikapima tena kwenye laptop yangu ile ile, na pingi ikaruka mpaka milisekunde 800 na kitu, kushusha kukaanguka mpaka 3. Nikamgeuzia skrini aone mwenyewe. Akasema ruta mbovu. Nikamwambia mzee ruta ni ile ile ya dakika mbili zilizopita. Akasema basi kampuni wamebana tena. Huku anabishana anafungua video kuangalia kama imepona, kipimo kinaharibika, naanza upya, anafungua tena, naanza upya, yaani mpaka nikamwomba kwa heshima akae kiti kile kingine na mausi nibaki nayo mimi.

"Lakini nimefunga kila kitu," ananionyesha skrini tupu. Hili ndo natamani kila mtu alijue. Kubonyeza ile alama ya X kunafunga dirisha, ila programu nyingi zinabaki zinafanya kazi kimya, zimejificha kwenye vialama vya chini kulia pembeni ya saa. Hata Chrome ina sehemu kwenye mipangilio inayoiruhusu kuendelea baada ya kufungwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka, bonyeza kichwa cha safu ya Network, wanaokula zaidi wanapanda juu. Kwa mzee aliyekaa juu kabisa alikuwa programu ya kuhifadhi faili mawinguni, Mbps 3.9, haishuki. Laini yake ya kupandisha nzima ni 4.

"Mimi sipandishi kitu." Nikamwambia mzee wewe hupandishi, inapandisha yenyewe. Folda ya masomo yake ipo kwenye Desktop, na programu ilishapangwa zamani inakili kila kilichopo Desktop. Video za GB 60. Nikamfanyia hesabu kwenye daftari maana ni mwalimu na hesabu anaiheshimu: GB 60 kwa Mbps 4 ni zaidi ya saa 33 mfululizo, na yeye kompyuta anaizima kila usiku, kwahiyo kila asubuhi inaendelea ilipoishia. Mbaya zaidi kila akihariri video na kuisevu, faili hilo kubwa linaanza kupanda upya kama jipya, kwahiyo kazi haiishi hata siku moja.

Hapo akanyamaza, halafu akauliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa siku hiyo, mbona basi kushusha nako kunakufa wakati tatizo lipo kwenye kupandisha? Nikamweleza. Kila data inapokufikia, kompyuta yako inatuma kijibu kidogo kurudi kwamba nimepokea, na anayetuma asipopata hicho kijibu anapunguza kasi. Sasa vijibu vinapita njia ile ile ya kupandisha, na njia hiyo imejaa video, foleni inaundwa ndani ya ruta, kijibu kidogo kinasubiri nyuma ya mzigo mkubwa. Ndo maana pingi inafika 800, na ndo maana kuongeza kifurushi cha kushusha peke yake hakukumsaidia.

Kuifuta hiyo programu hataki, na ana haki, video zikipotea kazi yake imekwisha. Kwahiyo nikaenda kwenye mipangilio yake nikabana upandishaji kilobaiti 150 kwa sekunde, ambayo ni Mbps 1.2. Video anazohariri nikamhamishia folda ya nje ya Desktop, somo likikamilika kabisa ndo analirudisha. Nikaingia sehemu ya programu zinazoanza pamoja na Windows, nikazima za magemu na za printa ambayo hata hana tena. Kupima tena, mzigo ukiwa bado unapanda, pingi 40.

Kisha yakaja ya malipo. "Si umebonyeza tu hapo?" Hili linanichosha kuliko safari na jua. Ndiyo nimebonyeza, ila kujua pa kubonyeza na pa kuacha ndo kazi yenyewe. Kuna watu wanaona svchost kwenye orodha wanasema ni virusi, wanaizima kwa nguvu, sauti inapotea au mtandao unakatika kabisa, kumbe ni chombo cha Windows kinachobeba huduma zake nyingi na ulitakiwa kwanza uangalie kimebeba huduma gani. Mzee alilipa mwishowe, na alilipa yote.

Nimetoka pale sijui ni saa tisa au karibu na kumi. Nyumba iliyofuata ina kompyuta tatu, ile kipengele cha Delivery Optimization imewashwa mpaka kwa kompyuta za kwenye intaneti, yaani Windows ikishashusha apdeti inaweza kuwagawia na wengine vipande kupitia laini yako, nikazima kote. Kwingine programu hazikuwa na kosa lolote, laptop imeng'ang'ania waifai ya GHz 2.4, ile ya polepole, wakati ruta ipo mita mbili na ina ya GHz 5 yenye kasi zaidi, nikaibadilisha tukamaliza. Mwingine brauza imejaa viongezeo (extensions) asivyovijua, nikatoa kimoja kimoja huku napima, na huo utoaji mmoja mmoja ndo unakula muda ila ukitoa vyote kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa mkosaji na kesho mwenye kompyuta atakirudisha.

Usiku macho yamechoka na skrini, miguu nayo ina yake, nakula huku najibu meseji. Mzee kaandika kwamba kipindi cha jioni kimeisha bila kuganda, mzigo umebaki GB 40 na kitu, je azime kompyuta alale? Nikamjibu hapana mzee, usizime, toa kile kikomo cha 150 nilichokuonyesha iende kasi usiku kucha, asubuhi kabla ya kuanza kurekodi kirudishe, na uniandikie imebaki ngapi.