Naanza lini kupuliza?

Mwezi wa pili niling'olewa gego la juu, upande wa kulia, la sita ukihesabu toka katikati. Nilikuwa nimelivumilia mwaka mzima kwa karafuu na panadol. Jumamosi ile tulikuwa na harusi Temeke na mpiga tarumbeta ni mimi, kwa hiyo nikauliza mdomo ungali na ganzi, nimeng'ata pamba: "Naanza lini kupuliza?" Ikatoka kama mlevi anayeulizia basi.

Daktari, binti wa rika la kifungua mimba wangu, alielewa. "Baba, tarumbeta usiliguse wiki mbili. Hata kupenga kamasi, hapana." Akanionyesha kwenye picha: mizizi ya magego ya juu inapakana na uwazi wenye hewa ulio kando ya pua, na kilichopo kati ni mfupa mwembamba tu. Ukipuliza kwa nguvu mapema unaweza kufungua njia hapo. "Utakunywa chai, itokee puani." Harusi nikamwachia kijana.

Akanipa na masharti mengine: nisiteme mate kwa nguvu, nisinywe kwa mrija, nisivute sigara. Yote ni kwa ajili ya lile bonge la damu linaloganda ndani ya shimo. Likitoka, mfupa unabaki uchi. Mpiga besi wetu aliwahi kung'oa gego la chini akavuta sigara jioni ile ile. Siku ya tatu maumivu yakampanda mpaka sikioni, akarudi kuwekewa dawa shimoni. Mimi nililalia mito miwili na kumeza mate yenye ladha ya chuma.

Siku ya tano nikamulika kwa tochi ya simu. Nikaona utando mweupe wa kimanjano, nikajua usaha, nikapiga simu. Kumbe ni kidonda kinavyopona: bonge linaliwa taratibu na nafasi yake inachukuliwa na nyama changa yenye vishipa vya damu.

Baada ya mwezi ufizi ulikuwa umeziba. Nikijisikia mzima, nikatangaza nimepona. Hapo ndipo nilipojidanganya, maana chini ya ufizi mfupa ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Hauingii toka mdomo wa shimo kama unavyojaza ndoo. Unaota toka kitako cha shimo na kwenye kuta zake, ukielekea katikati. Wa kwanza ni wa harakaharaka, nyuzi zake shaghalabaghala. Kisha chembe zinazokula mfupa zinaubomoa, nyingine zinaujenga upya kwa tabaka zilizopangika. Shimo hujaa kwa miezi mitatu minne hivi, lakini kukomaa kunaendelea hata baada ya sita. Fundi aliyejenga kwangu alinisubirisha siku 28 zege likomae nikamwona msumbufu!

Ambalo sikulitarajia ni kwamba mfupa unajaa na huku unapungua. Ukuta wa upande wa shavu ni mwembamba, mara nyingi haufiki milimita 1 kule mbele, na sehemu yake ilikuwepo kwa kazi moja tu, kushika nyuzi za jino. Jino likiondoka, ule mfupa hauna kazi tena, unaliwa. Kwa mwaka mmoja upana wa pale unaweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa huondoka miezi mitatu ya mwanzo. Ulimi wangu uliligundua bonde lile kabla ya daktari. Ndiyo maana wanaotaka jino la kupandikiza huambiwa wasikae miaka kabla ya kuamua. Mimi nimeuliza bei, nikashukuru, nikaondoka.

Mwezi wa nane nilipiga picha nyingine. Pale palipokuwa na shimo jeusi pamejaa ukungu wa kijivu, na ukikazia macho bado unaona kimstari cha ukuta wa zamani.

Kiongozi wa bendi anasema hasikii tofauti. Mimi naisikia. Nikipanda noti za juu, shavu la kulia linabonyea kidogo kuingia pale, kisha linarudi.